Mkondo Uliokatika kwa Siku Kumi

Mwishoni mwa juma moja la Juni 1952 mvua kubwa ilipita juu ya Copenhagen, na Willi Dansgaard akatoka akaisimamisha chupa ya bia bustanini kwake, mdomoni kaichomeka faneli. Alikuwa mwanafizikia kijana, mwenye mashine ya kupima uzito wa atomu chuoni, na alitaka kujua kama mvua ya mwanzo wa dhoruba na mvua ya mwisho wake ni maji yale yale. Siyo. Oksijeni iliyomo ndani ya maji ipo nyepesi na ipo nzito, na kadiri wingu linavyozidi kuwa baridi ndivyo mvua yake inavyopungukiwa na ile nzito. Kumbe tone la mvua huanguka likiwa na kumbukumbu ya ubaridi wa kule lilikotoka.

Ukishalijua hilo, wazo la pili linakuja lenyewe. Kule Greenland theluji huanguka, ikafunikwa na theluji ya mwaka unaofuata, na ya mwaka mwingine, hata ikagandamana kuwa barafu yenye unene wa kilomita tatu. Mwaka 1954 Dansgaard aliandika kwamba mtu akiichimba barafu ile ataweza kuisoma hali ya hewa ya kale, safu baada ya safu. Chombo cha kuchimbia hakuwa nacho. Waliokuwa nacho ni wanajeshi wa Marekani.

Nusu karne baadaye wazo hilo lilikuwa limegeuka helikopta za kijeshi zinazoganda angani, na vijana wanaochoma vitabu vya maktaba ya New York ili wasife kwa baridi. Filamu ya The Day After Tomorrow ilitoka Mei 2004. Huku kwetu wengi tuliiona kwenye kibanda umiza, kwenye sidii moja iliyoshindiliwa filamu kadhaa, mkalimani akishindana na ngurumo za spika. Watu walitoka nje wakibishana: haya yanaweza kutokea kweli, au Wazungu wanatutisha tu? Swali hilo halikuwa la kipuuzi. Jibu lake ni refu, na kipande chake kinachotuhusu sisi zaidi hakimo kabisa ndani ya filamu.

Turudi Greenland. Mwaka 1959, Vita Baridi ikiwa imepamba moto, jeshi la Marekani lilianza kuchimba mji mzima chini ya barafu na kuuita Camp Century. Mlikuwa na mabweni, kanisa, kinyozi na mtambo mdogo wa nyuklia wa kufua umeme. Dunia iliambiwa ni kituo cha utafiti. Nyuma ya pazia palikuwa na mpango wa kuficha makombora katika mahandaki yale. Barafu haikukubali. Ilisogea polepole ikayabana mahandaki, paa zikainama, na mpango ukafa. Kilichobaki cha maana ni shimo moja jembamba. Mwaka 1966 mafundi wa kuchimba walifika mwambani, mita 1,387 chini, wakawa wametoa nguzo ya barafu iliyokatwa vipande vipande, yenye historia ya zaidi ya miaka 100,000. Dansgaard aliomba agawiwe, akagawiwa.

Mchoro aliouchapisha mwaka 1969 ulikuwa na kitu cha ajabu. Enzi ya barafu haikwenda kwa utulivu kama mzee anayepanda mlima. Ilirukaruka. Joto la Greenland lilipanda ghafla, likakaa, likaporomoka, likapanda tena. Wengi walidhani ni kasoro: pengine barafu ilijikunja karibu na mwamba. Mwaka 1981 shimo lingine lilichimbwa upande wa kusini wa Greenland, mbali sana na lile la kwanza, na safari hii Dansgaard alikuwa pamoja na mwanafizikia Hans Oeschger wa Bern, Uswisi. Miruko ikaonekana ile ile. Mwaka 1992 Wazungu wa Ulaya, na mwaka 1993 Wamarekani, wakamaliza mashimo mawili kileleni mwa barafu, kila moja zaidi ya mita 3,000, yakipishana umbali wa kilomita 30 hivi. Mashahidi wawili, ushahidi mmoja. Mruko mashuhuri kuliko yote umepewa jina la dryas, ua dogo jeupe la nchi za baridi ambalo mabaki yake yalikutwa kwenye matope ya kale ya Denmark. Kipindi hicho kilianza takriban miaka 12,900 iliyopita, dunia ikiwa tayari inatoka kwenye barafu. Kaskazini kukaganda tena kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kilipokwisha, Greenland ilipata joto la takriban digrii 10 ndani ya miongo michache tu.

Kwa wanajiolojia, waliozoea kuhesabu kwa mamilioni, miongo michache ni kufumba na kufumbua. Tulishike neno hilo. Hollywood ililisikia, ikalichukua kama lilivyo.

Sababu ya miruko hiyo ilikuwa imeshaandikwa zamani, ila haikupata msomaji. Mwaka 1961 Henry Stommel, bingwa wa mambo ya bahari wa Marekani, alichora masanduku mawili ya maji yaliyounganishwa, moja la joto na moja la baridi, akakokotoa jinsi yatakavyopeana maji. Hapa Kiswahili kinatutega kidogo. Sisi maji ya mto na ya kisima tunayaita maji baridi, kuyatenga na ya chumvi. Lakini katika Atlantiki ya kaskazini ubaridi na ukosefu wa chumvi ni mahasimu: ubaridi huyafanya maji kuwa mazito yakazama, na kukosa chumvi huyafanya mepesi yakaelea. Basi nitasema maji matamu, na watu wa pwani watanielewa.

Maji ya juu yanayopanda kaskazini kutoka nchi za joto yana uvuguvugu na yana chumvi nyingi. Yakifika pande za Iceland na Greenland huiachia hewa joto lake, huwa mazito, hudidimia mpaka kilindini, kisha hurudi kusini chinichini. Kuzama huko ndiko kunakoyavuta mengine yaje. Sasa yamwagie maji matamu mengi kwa juu, ya mvua au ya barafu inayoyeyuka. Chumvi inachujuka, maji hayazami, mvuto unalegea, na chumvi mpya inayoletwa kutoka kusini inazidi kupungua. Stommel alionyesha kwamba mzunguko wa namna hii una hali mbili, ya kwenda na ya kusimama, na kwamba ukisharukia ya pili unaweza usirudi hata kile kilichousukuma kikiondolewa. Wavuvi wetu wanajua mkondo unaogeuka na pepo za kusi na kaskazi. Huu wa Stommel ni mkondo unaoweza kukataa kugeuka.

Aliyeiunganisha bahari ya Stommel na barafu ya Dansgaard ni Wallace Broecker wa Chuo Kikuu cha Columbia, yule yule aliyeandika mwaka 1975 makala iliyoutia umaarufu msemo wa ongezeko la joto duniani. Mwaka 1984 alikuwa Bern akimsikiliza Oeschger akieleza ile miruko, na hapo ndipo wazo likamjia: kilichokuwa kikiwashwa na kuzimwa ni mkondo. Mwaka 1987 aliwapa wasomaji picha ambayo haijafutika mpaka leo, ya bahari kama mkanda mmoja mrefu wa kusafirishia mizigo kiwandani, unaobeba joto juu na baridi chini. Na akauliza: ikiwa maji yaliyotokana na barafu ya kale ya Kanada yaliweza kuusimamisha mkanda huo, je, hewa ukaa yetu, kwa kuongeza mvua na kuyeyusha Greenland, haiwezi? Tunazungumzia takriban mita za ujazo milioni 17 za maji kila sekunde. Mito yote ya dunia, Kongo na Amazon ikiwemo, ukiichanganya pamoja haifiki milioni moja na nusu.

Swali zito kama hilo halibaki maabara. Marekani palikuwa na mtangazaji wa redio, Art Bell, aliyerusha kipindi cha usiku wa manane kutoka jangwani Nevada. Wageni wake walizungumzia mizimu, visahani vya angani na njama za serikali. Rafiki yake Whitley Strieber alikuwa mwandishi wa riwaya za kutisha aliyepata umaarufu kwa kitabu cha kusimulia jinsi viumbe wa ajabu walivyomchukua usiku. Mwaka 1999 wawili hao walitoa kitabu wakidai kwamba mkondo ukisimama itazuka dhoruba moja kubwa ya dunia nzima itakayoleta enzi ya barafu papo hapo. Mkondo ulikuwa wa Broecker. Dhoruba ilikuwa yao wenyewe.

Kitabu hicho kikamfikia Roland Emmerich, Mjerumani aliyezaliwa Stuttgart mwaka 1955, ambaye tayari alikuwa ameilipua Ikulu ya Marekani katika Independence Day ya mwaka 1996. Emmerich hana haya na kazi yake: anabomoa majengo ambayo kila mtu anayajua. Akaandika skripti na Jeffrey Nachmanoff, akapewa na Fox, iliyokuwa kampuni ya Rupert Murdoch, dola milioni 125 hivi. Alitoa dola 200,000 kufidia hewa ukaa ya utengenezaji wa filamu, jambo ambalo wakati huo lilikuwa geni Hollywood. Mtu anaweza kucheka. Lakini ni wazi kwamba aliamini kitu fulani.

Hadithi yenyewe ni hii. Jack Hall, mtaalamu wa tabianchi ya kale, anachimba barafu Antaktika na mwamba wa barafu wa Larsen B unapasuka chini ya miguu yake. Anauonya mkutano mjini New Delhi, huku nje theluji inaanguka, kwamba mkondo unaweza kusimama baada ya miaka mia moja, pengine elfu. Makamu wa Rais wa Marekani anamkatiza: hatua hizo zitaugharimu uchumi. Baada ya hapo saa inakimbia. Muda unashuka hadi majuma, halafu siku saba mpaka kumi. Mawe ya barafu yanaua watu Tokyo, tufani za kuzunguka kama pia zinafagia Los Angeles, bahari inaingia New York na meli ya mizigo ya Kirusi inapita katikati ya mitaa. Kisha baridi inashuka. Mtoto wa Hall amenasa maktabani, baba anamfuata kwa miguu kwenye theluji, na kwa kuwa stelingi hafi, wanakutana.

Larsen B, kwanza, ni ya kweli. Mwanzoni mwa 2002, takriban kilomita za mraba 3,250 za barafu hiyo zilisambaratika kwa muda wa mwezi mmoja na siku kadhaa, na picha za setilaiti zikawaacha mabingwa midomo wazi. Ni jambo la haraka kuliko yote katika filamu ambalo maumbile nayo yalilifanya kwa haraka inayokaribia hiyo.

Ile baridi sasa. Helikopta za Uingereza zinaingia kwenye jicho la dhoruba juu ya Scotland. Mafuta yanaganda, rubani anafungua mlango na kuwa sanamu. Kipimo kinachotajwa ni nyuzi 101 za selsiasi chini ya sifuri. Baridi kali kuliko zote iliyowahi kupimwa ardhini, kituo cha Vostok huko Antaktika, Julai 1983, ilikuwa 89.2 chini ya sifuri. Filamu inadai kwamba dhoruba inaivuta hewa baridi kutoka juu kabisa na kuishusha. Mhusika mmoja anauliza swali ambalo mwanafunzi yeyote wa fizikia angeliuliza: hewa ikishuka si inapata joto? Anajibiwa kwamba hii inashuka kwa kasi mno, haipati nafasi ya kupashika.

Jibu hilo limepinduliwa miguu juu. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli anajua jinsi pampu inavyounguza mkono: hewa ikibanwa inapata joto, bila kuchomwa na chochote kutoka nje. Hewa inayoshuka inabanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake, na inapata karibu digrii 10 kwa kila kilomita. Mwendo wa kasi unalizidisha jambo, maana joto halipati muda wa kuponyoka. Chukua hewa ya kilomita kumi juu, yenye baridi ya digrii 60 chini ya sifuri, iteremshe ghafla mpaka Scotland: itatua ikiwa na joto la takriban digrii 40. Wale marubani wangetoka jasho. Bingwa mmoja wa tabianchi ya kale wa Chuo Kikuu cha Duke alisema filamu hii kwa sayansi ya tabianchi ni kama Frankenstein kwa upasuaji wa kupandikiza moyo, na katika tukio hili hakumwonea mtu.

Vimbunga vikubwa vya bara ni hadithi hiyo hiyo. Kimbunga hula joto la bahari. Ukikipandisha nchi kavu, juu ya theluji, kinakufa njaa. Ama mafuriko ya New York, enzi ya barafu hushusha bahari, maana maji hulundikana nchi kavu. Ila hapa Emmerich alikanyaga ukweli bila kukusudia: mkondo ule ukilegea, bahari ya pwani ya mashariki ya Marekani hupanda kwa makumi ya sentimita, kwa kuwa mwendo wa maji ndio unaoifanya bahari ilale mshazari. Makumi ya sentimita hayabebi meli ya Kirusi. Oktoba 2012, hata hivyo, kimbunga Sandy kilipandisha maji hadi zaidi ya mita 4 juu ya kiwango cha kupwa pale Battery, ncha ya Manhattan, na treni za chini ya ardhi zikafurika.

Kuna tukio moja ambalo kibandani lilipigiwa makofi kuliko mawimbi yote. Wamarekani wanakimbilia Mexico, Mexico inafunga mpaka, na mpaka unafunguliwa tu baada ya Rais wa Marekani kuzifutia madeni nchi za Amerika ya Kusini. Hii si sayansi, lakini mtazamaji yeyote wa Dar es Salaam wa miaka ile, aliyezoea kusikia Benki ya Dunia ikitajwa kwenye taarifa ya habari, aliielewa bila mkalimani.

Filamu ilitoka wakati mbaya kwa serikali ya Marekani, au mzuri, inategemea umekaa upande gani. Mwaka 2001 Rais George Bush alikuwa ameikataa Itifaki ya Kyoto ya kupunguza hewa ukaa, na Makamu wa Rais wa kwenye filamu alifanana na Dick Cheney, makamu wa Bush, kiasi ambacho hakuna aliyedhani ni bahati. Aprili 2004 gazeti la New York Times lilifichua barua pepe ya ndani ya NASA ikiwakataza watu wake kuzungumza lolote kuhusu filamu hiyo. Amri ililegezwa baada ya kelele. Miezi michache kabla, magazeti yalikuwa yameivujisha taarifa iliyoandikwa kwa ajili ya Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ikiwaza vita na njaa endapo mkondo utakatika. Broecker mwenyewe, baba wa mkanda, alichukua kalamu Aprili hiyo hiyo katika jarida la Science kulalamika kwamba kutia chumvi namna ile kunazidisha mgawanyiko tu. Ndiye mtu aliyekuwa ameitisha dunia kwa wazo hilo kwa miaka 17. Sasa alikuwa akikimbia nyuma yake akijaribu kulishika mkono.

Al Gore, makamu wa rais wa zamani wa Marekani, hakuwa na shaka za namna hiyo. Juma ambalo filamu ilizinduliwa New York, alisimama mbele ya mkutano wa hadhara mjini humo na kuonyesha sehemu ya slaidi zake kuhusu joto la dunia. Mmoja wa waliokuwa ukumbini, Laurie David, alizipenda akataka ziwe filamu. Ndivyo ilivyozaliwa An Inconvenient Truth ya mwaka 2006. Ukoo haukuishia kwenye mkutano: mwaka 2008 ilibainika kwamba picha moja ya mwamba wa barafu ndani ya filamu ya Gore ilikuwa ya kompyuta, na ilitoka kwenye The Day After Tomorrow. Filamu ya ukweli ilikuwa imeazima barafu kwa filamu ya uongo.

Wakati huo filamu ya Gore ilikuwa imeshafikishwa kortini. Mzazi mmoja wa Kent, Uingereza, alipinga isionyeshwe shuleni, na Oktoba 2007 Jaji Burton wa Mahakama Kuu ya London aliruhusu ionyeshwe kwa sharti la maelezo ya kuongozea walimu, kwa sababu alikuta mambo tisa yaliyopita kile ambacho wanasayansi wengi walikubaliana. Moja ni kusimama kwa mkondo wa Atlantiki, ambako wanasayansi waliona hakuelekei kutokea. Lingine ni barafu ya Kilimanjaro. Barafu ya Kibo ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, hilo halikubishaniwa. Kilichokosa uthibitisho ni kwamba chanzo kikuu ni joto lililoletwa na binadamu, na si ukavu wa hewa ya kule juu. Siku mbili baada ya hukumu, Gore alitangaziwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Je, filamu ya Emmerich ilibadili vichwa vya watu? Mtafiti Anthony Leiserowitz aliwahoji Wamarekani mwaka huo huo na kukadiria kwamba watu wazima milioni 21 waliiona sinema. Waliokwenda walirudi na wasiwasi mkubwa zaidi kuliko wasiokwenda. Ila hata milioni 21 ni mtu mmoja kati ya kumi, na taifa kwa jumla halikutikisika.

Jambo ninalolipenda zaidi katika historia hii lilitokea bila kamera. Aprili 2004, mwezi mmoja kabla filamu haijatoka, vyombo vya mradi wa Waingereza na Wamarekani uitwao RAPID vilianza kuupima mkondo mfululizo: nyaya ndefu zilizotiwa nanga kilindini, kutoka Bahamas hadi pwani ya Moroko, zenye vipima joto na chumvi. Mpaka siku ile binadamu walikuwa wakibishana juu ya mkondo unaoweza kusimama huku hawana kipimo cha kujua kama unakwenda. Mwaka 2005 watafiti wa Southampton walilinganisha safari tano za meli tangu 1957, wakatangaza kwamba umepungua kwa asilimia 30. Magazeti yakaikumbuka filamu. Vyombo vya RAPID, vilipotimiza mwaka mmoja, vilionyesha kwamba mkondo hupanda na kushuka wenyewe kwa kiasi kikubwa hivyo ndani ya miezi kumi na miwili. Safari tano za meli zilikuwa kama kumpima mtu mapigo ya moyo mara tano kwa nusu karne. Halafu, 2009 kuingia 2010, ukashuka kweli kwa asilimia 30 hivi kwa zaidi ya mwaka, kisha ukajiinua.

Wanasayansi tangu hapo wamekuwa kama mahakimu wasiotaka kutoa hukumu ya pamoja. Jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi lilisema mwaka 2021 kwamba mkondo una kila dalili ya kudhoofika karne hii, na kwa imani ya wastani kwamba hautakatika ghafla kabla ya 2100. Mwaka 2023 ndugu wawili wa Copenhagen, mji ule ule wa chupa ya bia, Peter na Susanne Ditlevsen, walikokotoa kwamba unaweza kukatika karibu na katikati ya karne. Wenzao wengi waliwapinga. Mwaka 2024 kikundi cha Utrecht kiliufikisha mkondo kwenye ukingo ndani ya kompyuta, kwa kudondoshea maji matamu kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka 1,700 ya mfano wao. Ulipoanguka, ulichukua takriban miaka mia moja. Baadhi ya miji ya Ulaya kaskazini-magharibi ilipoteza digrii kadhaa kwa kila muongo. Kusini mwa Atlantiki, kiangazi na masika ya Amazon vikabadilishana nafasi.

Kubadilishana huko kwa majira ndiko Hollywood ilikokuacha nje. Mkondo ukidhoofika, joto lililokuwa likivushwa kaskazini hubaki kusini, na ukanda wa mvua wa nchi za joto hulifuata. Na hilo lilishatokea, kwetu. Kati ya takriban miaka 17,000 na 15,000 iliyopita, majabali ya barafu yaliyomeguka kutoka Amerika Kaskazini yaliyeyukia Atlantiki na kuuzima mkondo kwa karne nyingi. Katika muda huo Ziwa Victoria lilikauka. Halikupungua tu: watafiti waliotoboa sakafu yake walikuta, chini ya matope laini, tabaka la udongo mgumu uliowahi kuota mimea, katikati ya ziwa. Kina chake ni takriban mita 80, si kitu mbele ya Tanganyika ambalo lilivumilia, na mvua zilipokataa hakukuwa na akiba. Mamia ya aina za furu wanaoogelea humo leo wametokea baada ya maji kurudi, jambo ambalo wanabiolojia bado wanalistaajabia kwa kasi yake.

Ukame huo ulienea mpaka Asia ya kusini. Haukuwa wa siku kumi, na ungekuwa filamu mbaya: hakuna wimbi, hakuna jengo maarufu la kubomoa, ni vizazi vya watu wanaohama wakifuata maji yanayozidi kusogea. Afrika haimo katika hadithi ya Emmerich. Mwishoni wanaanga wanaitazama dunia kutoka angani, nusu yake ya kaskazini ikiwa nyeupe pe, na mmoja anashangaa jinsi hewa ilivyo safi. Kamera haishuki kusini. Tabaka lile la udongo lingalipo, na meli inayoondoka Mwanza usiku kwenda Bukoba hupita juu yake, abiria wamelala.